Bolti ya kumwagia oili inazunguka bure, oili inadondoka. Lazima injini ishushwe?

Mzigo_Dom

Wakuu, salaam. Pikipiki ni cc 150 ya kupozwa na upepo, ruti yake ni hapa Dodoma, Nkuhungu kwenda Mtumba. Oili imebadilishwa nyumbani, lakini bolti ya chini haikazi tena. Inafika mwisho halafu inaendelea kuzunguka, na ukiishika kwa vidole inacheza. Ikitolewa, kwenye meno yake kuna uzi mwembamba wa alumini umejiviringisha. Kwa sasa imefungwa na seal tepu mizunguko minne. Injini ya baridi haivuji, ikishachemka ni tone moja kila baada ya sekunde tatu hivi.

Ushauri uliopatikana mtaani: gundi ya chuma, sabuni ya mche, na fundi mmoja anataka ashushe injini yote abadilishe krenkesi (ganda la chini la injini). Kichwa cha bolti ni spana 17. Kipi ni sahihi? Na je, inaweza kupiga kazi hivyo hivyo hadi wikiendi?

SpanaRingi

Wikiendi usifike nayo, mkuu. Fanya hesabu: tone kila sekunde tatu ni matone 20 kwa dakika, na matone 20 hadi 30 ya oili ni kama mililita moja. Kwa saa unapoteza mililita 40 hadi 60. Injini za saizi hiyo hubeba karibu lita moja tu, kwa hiyo saa sita za barabarani zinaondoka na robo ya oili au zaidi. Pikipiki nyingi za aina hii hazina taa ya kukuonya. Utajua kwa mlio wa juu kwenye kamshafti, na hapo umeshachelewa.

Hilo ni dogo. Bolti isiyo na meno inashikwa na tepu peke yake, mtikisiko wa njia ya vumbi unaweza kuichomoa mara moja. Oili yote inamwagika mbele kidogo ya tairi la nyuma.

Mkereza_wa_Uhindini

Huo uzi uliojiviringisha ni meno ya krenkesi yenyewe. Krenkesi ni alumini, bolti ni chuma, wakikazana anayekufa ni alumini. Bolti ya kichwa cha 17 kwenye pikipiki ndogo mara nyingi ni milimita 12 kwa uzi wa 1.5 (yaani milimita 1.5 kutoka jino hadi jino), na inataka kukazwa Nm (nyutoni mita) 25 hadi 30 tu. Kwa spana ya sentimita 15 hiyo ni nguvu kama ya kuvuta kilo 17 hadi 20, yaani mkono mmoja bila kukunja uso. Ukiongeza bomba spana ikafika sentimita 45, mkono ule ule unakaza mara tatu. Na watu hawaongezi bomba kwa ubishi: washa (ile pete ya kuzibia chini ya kichwa cha bolti) ya zamani imeshakauka, oili inavuja kidogo, mtu anadhani dawa ni kukaza.

Sabuni ya mche inafaa kuziba tenki la petroli kwa muda, kwa sababu petroli haiiyeyushi. Chini ya injini oili inakaribia nyuzi joto 100, sabuni inalainika na kutoka. Gundi ya chuma inashika chuma kikavu kisicho na mafuta, na tundu hilo halikauki. Unalifuta kwa petroli, dakika mbili baadaye utando wa oili umeshashuka tena. Ikishika kwa bahati, mabadiliko yajayo ya oili utamwagia wapi? Tepu nayo sio meno. Vipande vyake vinakatika na kwenda kukaa kwenye chujio la pampu.

Krenkesi haina haja ya kubadilishwa. Angalia nyama inayozunguka tundu: baada ya kutanua hadi 14, ukuta ukibaki na milimita tatu au nne kila upande, kata uzi mpya wa 14 kwa 1.5. Biti yake ya kutobolea ni 12.5. Kwa kuwa meno ya zamani yameshaisha, tundu sasa liko karibu na 12, kwa hiyo unachoondoa ni kidogo sana. Weka alama ya tepu kwenye biti isizame zaidi ya unene wa tundu.

Fanya pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi ya kati, juu ya vipande vya mbao upate nafasi, ukikata kutoka chini ili chengachenga zianguke nje. Jaza grisi kwenye mifereji ya tapi (kile chuma cha kukatia uzi). Zungusha nusu mbele, robo nyuma, na kila mizunguko miwili toa tapi, ifute, paka grisi upya. Tapi ikienda upande, bolti itakaa mshazari na washa haitaziba milele. Ujanja: vika nati ya 14 yenye uzi huo huo kwenye tapi, ibane ilale sawasawa na uso wa krenkesi, halafu anza kukata kupitia hiyo nati. Inakushikia unyoofu.

Kusafisha: mimina oili mpya ya bei ndogo mililita 200 kutoka juu, iache itoke chini, ichuje kwa kitambaa cheupe. Rudia hadi kitambaa kisiwe na kumetameta. Sumaku haikusaidii hapa, alumini haishikwi.

Bolti_ya_Kariakoo

Umesahau koili. Kuna seti za koili za waya wa chuma: unatanua kwa biti iliyomo kwenye seti, unakata kwa tapi yake, unaingiza koili, na bolti ya 12 inarudi ile ile. Uzi unakuwa wa chuma, mgumu kuliko wa kiwandani.

Mkereza_wa_Uhindini

Sijasahau. Koili ni nzuri, ila hiyo seti ni kuagiza Dar, na kwa tundu moja bei yake haimlipi mtu wa pikipiki. Kama anataka kitu kisichokufa tena, aende kwa mtu wa mashine ya kukereza (hapa mjini wapo, hata pale SIDO, shirika la viwanda vidogo, aulizie) amtengenezee bolti ndani ya bolti. Bolti ya 14 inatobolewa katikati kwa biti ya 6.8, inakatwa uzi wa 8 kwa 1.25. Hiyo kubwa inafungwa mara moja tu kwa gundi ya kufungia meno na haiguswi tena. Oili inamwagwa kwa kufungua ile ndogo. Inatoka taratibu, mpe muda wa chai. Faida ni kwamba meno yanayosumbuliwa kila mwezi sasa ni chuma kwa chuma, alumini inapumzika.

Vumbi_la_Veyula

Nyongeza ya washa, maana chanzo kimeshatajwa. Washa ya shaba ikikosekana dukani usiweke mbili wala usikate ya plastiki ya ndoo. Ile ya zamani iweke kwenye jiko la mkaa hadi iwe nyekundu, itoe kwa koleo, itumbukize majini. Shaba inalainika kama mpya. Utando mweusi usugue kwa msasa laini, pande zote mbili. Ya alumini usiichome, itayeyuka huku unaitazama.

Halafu upepo wetu huu wa Agosti: bolti isilazwe chini wala kwenye tofali. Chembe moja ya mchanga kwenye meno inatosha kukwaruza uzi mpya. Weka kwenye kisosi chenye oili kidogo, na uanze kufunga kwa vidole; ikikataa mzunguko wa kwanza au wa pili, rudisha nyuma, usiilazimishe kwa spana.

Oili chafu usimwage uani. Nguzo za uzio zinaihitaji, mchwa wa huku mnawajua.

Mzigo_Dom

Asanteni sana. Duka la spea wana bolti nene kidogo inayojikatia uzi yenyewe, wanasema ni kufunga tu bila tapi. Pia wana bolti za kawaida za 14. Zinafaa?

Mkereza_wa_Uhindini

Ya kujikatia inashika mara ya kwanza. Kila ukiifungua na kuifunga inachonga tena alumini, na chenga zinaingia ndani kwa sababu hakuna grisi ya kuzinasa. Ya dharura, basi, kama umekwama Kondoa.

Bolti za kawaida za 14 kuwa makini: nyingi ni uzi wa 2.0, hazitaingia kwenye tundu la 1.5. Nenda spea za magari uombe bolti ya oili ya gari la Honda. Hiyo ni 14 kwa 1.5, kichwa kile kile cha 17, na washa yake ipo. Ila ilinganishe urefu na ya zamani. Ikizidi, ikatwe, isije ikagonga chujio au gia ndani.

SpanaRingi

Na ukimaliza, washa injini dakika tano, izime, isimame dakika tano nyingine ndiyo usome dipstiki. Futa chini pakauke kabisa, bandika karatasi nyeupe ya chooni kuzunguka bolti, zunguka nayo mtaa mmoja. Karatasi ikirudi kavu, nenda Mtumba.