Baba alipona saratani, sasa mshipa wa shingoni umebana. Naombeni ushauri

Binti wa Kilosa
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu, leo limenifika.

Baba ana miaka 63. Mwaka 2013 aligundulika na saratani ya nyuma ya pua. Akapigwa mionzi 35, siku tano kwa wiki, wiki saba, pamoja na dripu za kemo. Mate yalikauka, shingo ikawa ngumu kama ubao, meno manne yakaondoka, lakini alipona na tukamshukuru Mungu.

Mwezi uliopita tukiwa tunakula, tonge lilimdondoka. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakawa hayaeleweki. Baada ya dakika kama kumi akawa sawa, akaendelea kula. Zahanati wakampima presha, ikasoma 170, wakasema ni presha na uchovu. Siku tisa baadaye jicho la kushoto likaingia giza, mwenyewe anasema ni kama pazia lilishushwa, kisha likafunguka. Hapo sikusubiri tena, nikampeleka hospitali ya rufaa.

Ultrasaundi ya Dopla imeonyesha mshipa wa shingoni unaopeleka damu kwenye ubongo, upande wa kushoto, umebana zaidi ya asilimia 70. Wa kulia nao umeanza. Picha ya CT ya kichwa haikuonyesha damu kuvuja. Ameanzishiwa aspirini na klopidogreli za kuzuia damu kuganda, na atovastatini ya kushusha mafuta kwenye damu. Daktari anataka aende Dar akawekewe stenti, kile kibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa ubaki wazi. Baba mdogo anasema apelekwe kwanza kwa mkandaji shingo ilegezwe. Baba mwenyewe amegoma: "Saratani nimeshaimaliza, mnanitafutia ugonjwa mwingine wa nini?"

Hivi kweli mionzi ya miaka yote hiyo inaweza kuleta haya leo? Na kuna aliyewahi kuwekewa hiyo stenti?

Nesi wa Zamu
Mwanangu, pole sana. Jambo la kwanza, kabla ya maelezo yoyote: ASIKANDWE SHINGO. Ndani ya mshipa uliobana kuna utando mchafu na vidonge vya damu iliyoganda. Ukiminya, kipande kinaweza kuchomoka na kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Mweleze baba mdogo kwa upole, nia yake ni njema, ila hili asilifanye.

Kuhusu mionzi, ndiyo, inawezekana kabisa. Mionzi iliyolenga saratani ilipita pia kwenye mishipa ya shingo. Inaumiza ngozi laini ya ndani ya mshipa, na vile vimishipa vidogo vinavyoulisha ukuta wake. Ukuta unakakamaa na kunenepa, mafuta yanapata pa kushika. Mambo haya hayatokei mwaka wa kwanza, yanajitokeza baada ya miaka mingi, na mara nyingi pande zote mbili, kama kwa baba.

Ule mkono na lile jicho ni kiharusi cha kupita. Kinaondoka chenyewe, lakini ni onyo, na siku mbili za mwanzo ndizo za hatari kuliko zote. Kikitokea tena msiende zahanati, nendeni hospitali yenye CT saa hiyohiyo, na mwandike saa kilipoanza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu. Msimwongezee aspirini nyumbani, maana bila CT hamjui kama mshipa umeziba au umepasuka.

Mkulima Hai
Dada, changanya kitunguu saumu, tangawizi na limao, anywe asubuhi kwa siku 21. Mishipa inafunguka yenyewe.

Nesi wa Zamu
Ndugu yangu, kitunguu saumu kwenye mboga hakuna anayekikataa. Lakini hakifungui mshipa uliobana asilimia 70. Tena kikitumika kama dozi, juu ya aspirini na klopidogreli, kinaweza kumzidishia kutoka damu. Binti, mwambie daktari kila anachokunywa baba.

Mzee wa Kobalti
Binti yangu, nimesoma nikajiona mimi. Nilitibiwa saratani ya koromeo hospitali ya saratani ya Ocean Road, enzi za mashine ya mionzi ya kobalti. Sitaacha kuwashukuru, wajukuu zangu wote wamezaliwa baada ya hapo. Miaka 14 baadaye nikapata pazia hilohilo la jicho.

Mimi waliniwekea stenti. Kufungua kwa upasuaji shingo iliyopigwa mionzi ni kazi ngumu, nyama zimeshikana, kidonda kinachelewa kupona na mishipa ya fahamu iko hatarini. Stenti inapitishwa kwenye paja, upo macho. Walinieleza wazi kwamba nayo ina hatari ya kiharusi palepale mezani, na kwamba kwa sisi wa mionzi mshipa unaweza kubana tena, kwa hiyo narudi kupimwa Dopla kila wanaponipangia. Puto la kupanua mshipa lilipovimbishwa mapigo ya moyo yalishuka ghafla, wakachoma sindano yakarudi. Bima yangu ililipa vipimo, stenti ikawa juu yangu. Ulizieni kibali mapema.

Tafuteni na ile ripoti ya mionzi ya 2013. Waliniuliza kiasi cha mionzi na sehemu iliyopigwa. Na baba, kama bado anavuta sigara, hapo hapana mjadala.

Nesi wa Zamu
Naongeza mawili. Presha yake inapanda na kushuka ovyo? Shingoni kuna vihisio vya presha, navyo huharibiwa na mionzi. Mpimeni nyumbani asubuhi na jioni, mwandike, na dawa za presha asibadilishiwe kwa kipimo cha siku moja. Pili, ombeni kipimo cha tezi dundumio, ile tezi ya shingoni (thairoidi). Mara nyingi hulegea, yaani hufanya kazi kidogo, baada ya mionzi ya shingo, na ikilegea lehemu (kolesteroli) hupanda.

Binti wa Kilosa
Narudi na mrejesho. Nilimsomea baba maneno ya Mzee wa Kobalti mara mbili. Akanyamaza, baadaye akauliza, "Huyo naye alipigwa shingoni?" Asubuhi nikamkuta anatafuta bahasha ya 2013 chini ya godoro. Tezi imepimwa, kweli imelegea, ameanza dawa. Baba mdogo ameelewa, yeye ndiye atatusindikiza. Jumatatu tunapanda SGR kwenda Dar.

Mzee wangu, baba anauliza, puto likivimbishwa mtu anahisi nini?

Mzee wa Kobalti
Mwambie atahisi kubanwa shingoni sekunde chache, na kichwa kuwa chepesi kidogo, kisha basi. Mimi nilimwomba nesi anishike mkono, akanishika mpaka mwisho. Naye aombe.