Tupeane uzoefu: mliopanga Passau, Ujerumani, hasa mji wa kale

Kipepeo: Habari zenu wadau. Mdogo wangu amepata chuo Passau na kaniletea tangazo la chumba cha chini kabisa, mji wa kale, upande wa mto Danube, kodi rahisi ajabu. Moyo ulinilipuka, maana nilipanga mtaa huohuo. Mliokaa kule mnajua urahisi ule unatoka wapi. Mwageni uzoefu, nimtumie asome mwenyewe.

Mama Tumu: Aende kwanza kwenye ukuta wa Rathaus ya zamani, yaani ukumbi wa mji, aangalie alama za mafuriko. Ya 2013 ataitazama shingo imeinuka.

Kasia: Mama Tumu umenirudisha mbali. Mimi nilikuwamo Juni 2013. Jumapili tulianza kupandisha vitu kwa bibi wa ghorofa ya pili, Mjerumani, mtu wa maneno machache, usiku ule akafungua mlango akasema leteni vyote. Tulidhani maji yataishia kizingitini kama miaka mingine. Umeme ukakatika. Kilichonitisha kuliko vyote ni tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto: lilikuwa chini ya ardhi, maji yakalielesha, likawa linagonga dari ya stoo, du, du, nasi tuko juu yake tunalisikia miguuni. Kisha bomba likakatika, mafuta yakapanda pamoja na maji. Jumatatu tarehe 3 Danube ilifika mita 12.89, haijafika huko tangu 1501. Maji ya bomba nayo yakafungwa, mji mzima. Maji yalipopungua, wanafunzi walikuja na makoleo kututolea tope, watu hata hatujuani, Mungu awabariki. Tope lilitoka. Harufu ya mafuta ilikuwa imeingia ndani ya kuta, ikabidi plasta ibanduliwe yote. Na mwenye nyumba akadai kodi kamili ya mwezi ule!

Zumaridi: Pole sana Kasia. Hilo tangi limenitoa machozi.

Wakili wa Mtaa: Kodi hakustahili. Kifungu cha 536 cha sheria ya kiraia ya Ujerumani: nyumba isipokalika, kodi inashuka yenyewe. Asilipe.

Babu Nanga: Wakili, usiwaponze watoto wa watu. Ukizuia kodi kisha ikaonekana umekosea hesabu, deni la miezi miwili linatosha kukufukuzisha bila notisi. Amwandikie mwenye nyumba barua ya kasoro, alipe huku ameandika kwamba anahifadhi haki yake ya kudai, kisha aende chama cha wapangaji.

Wakili wa Mtaa: Babu, kulipa kisha kudai ni kuwapa usingizi wenye nyumba.

Babu Nanga: Na kulala nje nani atampa usingizi?

Kipepeo: Jamani, wote wawili nawaheshimu. Bima je?

Kasia: Bima ya kawaida ya vitu vya ndani hailipi mafuriko. Lazima iongezwe kinga ya majanga ya asili, na mitaa ile ya chini kuna kampuni zinakataa kabisa.

Dada Mwaka: Mnasema mafuriko tu, mimi kilichonimaliza ni kuvu. Kuta nene za mawe, jua haliingii, nikaambiwa kosa langu, sifungui madirisha. Afungue yote wazi dakika chache, asubuhi na jioni, hata theluji ikianguka. Na apige picha kila kona siku ya kukabidhiwa funguo.

Mama Tumu: Akapange mtaa wa Grubweg, mlimani. Basi lipo.

Zumaridi: Mimi ningerudi mji wa kale hata leo, ila ghorofa ya tatu. Ule mji ni mzuri jamani, tusimtishe mtoto.

Babu Nanga: Dipoziti isizidi kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu joto na maji, na ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Asitume hata senti kabla hajaiona nyumba kwa macho. Na adai ile karatasi ya mwenye nyumba ya kuthibitisha amehamia. Bila hiyo hajisajili manispaa kama mkazi, na muda wa kujisajili ni wiki mbili.