Mafundi TV wa Arusha, acheni kutuharibia vioo kwa dawa ya meno!

Wakuu, salaam. Nimekasirika na leo naongea.

Tulipohama Sakina kwenda Njiro, kona ya kabati iliparuza TV yetu ya flati ndani ya kirikuu. Mkwaruzo mwembamba tu, upande wa chini. Ukiwasha TV huuoni kabisa, picha safi. Mama watoto akashauri tumwone fundi. Nikaelekezwa kwa mmoja huku mjini, watu wanamsifia. Akautazama, akasema, "Hii ndogo sana bosi, kesho unachukua." Nikatoa 15,000 hapo hapo.

Nimerudishiwa TV yenye doa linalong'aa, upana wa sahani! Ikizimwa linameremeta peke yake, kwingine kote kumefifia kama kawaida. Ikiwashwa, maandishi ya taarifa ya habari yakipita pale chini yanavurugika. Na kwenye ukingo wa fremu kumebaki unga mweupe umegandamana. Nikaukwangua kwa kucha, nikanusa. Minti. Mtu amechukua hela yangu akaisugua TV kwa dawa ya meno!

Jamani, TV nyingi za LCD ukizigusa mbele hugusi kioo. Unagusa karatasi ya plastiki iliyogandishwa juu ya kioo, ndiyo polaraiza, inayochuja mwanga ili picha ionekane. Uso wake una ukwaruukwaru mdogo sana, umewekwa makusudi ili mwanga wa dirishani usikupige machoni. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia. Zinausaga huo uso mpaka unateleza, basi hapo haurudi tena. Bado hujahesabu kukandamiza: paneli iliyo chini, yaani kioo chenyewe cha picha, haitaki kubonyezwa, ukiiumiza unabaki na doa la kudumu.

Kazi ya kweli ni kuibandua hiyo karatasi taratibu, kusafisha gundi yote, kisha kubandika mpya kwa pembe ileile. Ukikosea pembe picha inafifia, na ukiigeuza robo duara weusi unakuwa weupe. Ni kazi ya subira na chumba kisicho na vumbi, na vumbi letu la kiangazi mnalijua. Huwezi? Sema huwezi! Mimi ningekaa na mkwaruzo wangu kwa amani.

Nimemrudia, ananiambia kioo kilikuwa "kimechoka". Kimechoka wapi, wakati picha niliyopiga kabla ya kumpelekea ninayo kwenye simu? Hela harudishi. Eti ninunue paneli mpya, na bei yake haipishani sana na TV nyingine. Hiyo inaniuma kuliko hata doa lenyewe, maana kaharibu yeye halafu biashara anataka afanye yeye tena.

Kama kuna mtu Arusha au Moshi aliyebadilishiwa polaraiza na TV yake iko sawa mpaka leo, anielekeze kwa huyo fundi. Nataka aliyeiona kazi kwa macho yake, habari za kusikia sizitaki.