Hedibendi za "rangi ya asili" zimetuharibia sendoff. Huyu muuzaji katudanganya mchana kweupe

Wakuu, salamu kwenu. Nina hasira, na naomba mnisome mpaka mwisho kwa sababu wanaoumia hapa ni wengi kuliko mimi.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na sendoff ya mdogo wangu hapa Morogoro. Wapambe 12, magauni rangi ya maziwa, na kichwani kila mmoja hedibendi pana ya kitambaa, 6 za njano na 6 za bluu. Nilizitafuta mimi mwenyewe. Nikampata muuzaji wa mtandaoni aliyeko Dar, picha nzuri, maelezo matamu: vitambaa ni mabaki kutoka kwa mafundi cherehani, pamba tupu, rangi zimetokana na manjano ya kusaga na nili (ile bluu ya mmea), kila kipande kimeshonwa kwa mkono. Shilingi 8,000 kwa moja. Ndugu zangu walisema ni ghali, nikawatetea wauzaji wa namna hii kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikatuma 96,000 yote kwa simu kabla hata mzigo haujapakiwa kwenye basi.

Sikutoa ile hela kwa ushamba. Mimi nimekulia kwenye rangi. Mama yangu alitengeneza batiki miaka mingi, ada zetu za shule zilitoka kwenye yale mabeseni ya uani. Najua mtu anavyokesha na jiko, anavyopima, anavyosuuza mpaka vidole vinakunjamana. Ndiyo maana mtu akiniambia amechovya kwa mkono, silalii bei yake.

Saa tisa alasiri, chini ya turubai, joto la Morogoro mnalijua. Wapambe wameingia wakicheza, jasho likaanza. Wa mbele kabisa akajipangusa paji la uso kwa leso, leso ikawa ya njano. Akajipangusa tena, njano ikashuka mpaka kwenye nyusi. Wakati MC anawapanga kwa picha, mabinti wanne walikuwa na michirizi kutoka kwenye nywele mpaka kwenye kola ya gauni, na aliyesimama katikati alikuwa na bluu nyuma ya masikio yote mawili kama aliyemwagikiwa wino. Mdogo wangu aliona. Hakusema kitu, aliinamisha kichwa tu, na picha hiyo ndiyo ninayo kwenye simu. Dobi amekataa kuahidi chochote kuhusu yale magauni manne.

Nilimwandikia muuzaji usiku uleule, kwa adabu kabisa. Jibu lake: "Dada, rangi za mimea ndivyo zilivyo, huachia mwanzoni, ungetakiwa kuelewa kabla ya kununua." Nikamwomba anieleze alitumia nini kushikiza rangi. Akanipiga bloku.

Hapo ndipo hasira ilipoanza kweli. Kama angesema amekosea kipimo, ningemwelewa. Lakini kuisingizia mimea? Jumapili asubuhi nikazichukua hedibendi zote nikakaa nazo uani na mama.

Njano kwanza. Kila aliyewahi kumwagikia mchuzi wenye manjano kwenye shati jeupe anajua kinachotokea ukilipaka sabuni ya mche: lile doa linageuka jekundu, jekundu la tofali. Sabuni ndiyo inayoigeuza manjano rangi, na ukikamulia ndimu inarudi njano. Jaribuni leo jikoni kwenu, kijiko kidogo cha manjano na kitambaa cheupe vinatosha. Sisi tulifanya hivyohivyo pembeni, tukapaka kitambaa manjano halisi ya dukani, tukapitisha sabuni, pakawa pekundu papo hapo. Tukapitisha sabuni ileile kwenye hedibendi. Povu likawa la njano, kitambaa kikabaki njano vilevile. Mama akasugua mara ya pili, akasema, "Hii haijawahi kuonana na manjano."

Tukaja kwenye bluu. Nili haiyeyuki kwenye maji hivihivi. Lazima uiandae kwenye chombo chake mpaka maji yabadilike yawe ya kijani kijani, uchovye, utoe, kisha hewa ndiyo inayoirudisha bluu mbele ya macho yako. Ikishakaa kwenye pamba imekaa. Nguo mpya ya nili inaweza kukupaka kidogo ukiisugua, na ukiisuuza mara ya kwanza ikaachia kidogo, lakini haiwezi kuligeuza beseni zima. Sisi tuliitumbukiza hedibendi moja kwenye beseni la maji baridi, bila sabuni, bila kuigusa. Kabla chai haijapoa yale maji yalikuwa bluu mpaka hatuoni chini ya beseni. Hiyo ni rangi ya unga ya bei rahisi iliyokorogwa na maji ya moto ikaachwa hivyo, hata kitu cha kuishikiza sidhani kama waliweka.

Na hayo "mabaki"? Nilifumua mshono wa zote 12. Mabaki ya fundi unayajua tu: hiki kipana, kile chembamba, kingine kina tundu za sindano za zamani, kingine kimeungwa katikati ili kifike urefu. Humu ndani zote ni kitambaa kimoja, upana uleule, na tatu bado zina ule upindo wa kiwandani wa pembeni mwa jora. Nikachomoa nyuzi nikaziwashia kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Hizi ziliyeyuka zikajikunja kuwa kidonge cheusi kigumu. Poliesta. Kitambaa kipya cha poliesta kutoka kwenye jora, nami nimelipishwa kama pamba iliyookolewa jalalani.

Naomba nieleweke. Sina ugomvi na rangi za dukani. Mama alitumia rangi za dukani maisha yake yote, na haidrosi na kostiki (dawa za kuandalia rangi), glavu mkononi, na vitenge alivyochovya nikiwa darasa la nne bado havijaachia tone. Na alikuwa anamwambia mteja ukweli. Hata huyo anayetumia mimea kwa haki hukwambia ukweli wa bidhaa yake: manjano halisi inang'aa sana lakini jua linaipausha upesi, usiianike juani, usiifue kwa sabuni kali. Mzingefuri, ule mmea wenye mbegu nyekundu za rangi, nao ni hivyohivyo, unapendeza, haudumu juani. Maganda ya kitunguu yanakupa njano iliyoiva inayoelekea hudhurungi. Na pamba haishiki rangi hizi kirahisi. Unaanza na kitu chenye tanini (ule ukakasi wa magome na maganda), maganda ya komamanga kwa mfano, halafu shabu, ileile shabu ya kusafishia maji, halafu ndiyo rangi. Siku mbili tatu zimeisha kabla hujashika sindano. Kuna kina mama wanaifanya kazi hiyo kweli, na mteja akiwaendea sasa anawaambia, "Ah, hizo za asili zinachuja, nilishapigwa." Huyu muuzaji amewaharibia jina watu asiowajua.

Kuna jingine limenikera kwenye ukurasa wake. Anauza na vibanio vya kahawia, ameandika vimechovywa kwa magome ya mikoko ya Rufiji. Ni kweli magome ya mkoko, na ya mkandaa ambao nao ni jamii ya mikoko, yana rangi, watu wa pwani wanaijua tangu zamani. Lakini mikoko ya Bara ni hifadhi ya serikali, haiguswi bila kibali, na mti ukimenywa gome mzunguko mzima unakufa umesimama. Kwa hiyo ama amedanganya, kama alivyonidanganya mimi, ama anaua mikoko kwa ajili ya vibanio na anajitangazia hadharani. Yote mawili yananikasirisha.

NYONGEZA: Kuna aliyeuliza kwa nini sikuzifua kabla ya shughuli. Zilifika Ijumaa jioni, zilitakiwa kufika Jumatatu. Na kikaratasi chake kilisema "kausha kivulini, usiloweke". Nilifuata maelekezo ya bidhaa niliyoambiwa nimenunua. Tusianze kumgeuzia kibao mteja.

Mwingine, kusikia nataka kumpeleka muuzaji Tume ya Ushindani, ile ya serikali inayopokea malalamiko ya wanunuzi, kasema nisiitaje kwa vitu vya elfu nane. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, haijaniambia lazima iwe gari. Nimeshaweka pamoja risiti za simu, picha za tangazo lake, na zile hedibendi 12 zilizofumuliwa nimezifunga kwenye mfuko. Kama kuna mtu humu amewahi kufikisha lalamiko la namna hii mpaka likasikilizwa, anielekeze pa kuanzia. Nataka 96,000 yangu na gharama ya yale magauni manne. Jina lake silitaji hapa, wenye kesi kama yangu njooni PM tulinganishe ujumbe wake.

La mwisho, na hili ni ombi. Harusi yenyewe ni mwisho wa mwezi ujao, na wapambe ni walewale 12. Kama uko humu na unashona hedibendi kwa mabaki ya kweli, niandikie. Ziwe za saizi tofauti, ziwe na viungio katikati, hainisumbui hata kidogo. Kama umechovya kwa maganda ya kitunguu sema ni kitunguu, na kama ni rangi ya dukani sema ni ya dukani, bei nitakupa ileile ya 8,000. Nitumie moja kwanza. Mama ameshasema sabuni na beseni vipo tayari.