MJADALA: Kusajili silaha za raia kunapunguza uhalifu wa bunduki, au tunajaza madaftari tu?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila ninapokuta hoja hii inajadiliwa naona watu wanarushiana sentensi mbili zile zile. Huyu anasema, "Jambazi hasajili bunduki." Yule anajibu, "Gari linasajiliwa, bunduki ina nini?" Baada ya hapo ni matusi mpaka mada inafungwa.

Mimi nasimama upande wa usajili, na nitasema kwa nini. Lakini kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Leseni ni ya mtu: anakaguliwa, anaonekana anafaa au hafai. Usajili ni wa chuma chenyewe: bunduki hii, ya aina hii, namba hii, iko kwa fulani. Nchi inaweza kuwa na kimoja ikakosa kingine.

New Zealand ilikuwa hivyo. Mwaka 1983 waliacha kusajili bunduki ndefu za kawaida, wakabaki na leseni ya mmiliki. Jaji Thorp akawashauri mwaka 1997 warudishe usajili, ushauri ukalala kabatini. Tarehe 15 Machi 2019 mtu mwenye leseni halali aliingia kwenye misikiti miwili ya Christchurch akaua watu 51. Silaha alizinunua mchana kweupe, na hapakuwa na daftari la kumwonyesha polisi yeyote kwamba huyu bwana anakusanya. Daftari jipya la nchi nzima lilifunguliwa Juni 2023.

Mtaniambia lingekuwepo lisingemzuia. Huenda. Hoja yangu haiko hapo. Bunduki nyingi za kiwandani zinazoishia kwa wahalifu zilianza zikiwa halali: zilitoka na namba, zikapita kwa muuzaji mwenye kibali, zikafika kwa mnunuzi wa kwanza. Mahali fulani njiani zikavuka upande wa pili. Usajili, kama una kazi yoyote, kazi yake iko pale kivukoni. Je, unaifanya? Karibuni.

Mchokozi

Mwizi hajazi fomu. Mada ifungwe.

Mleta mada

Mchokozi, na anayemuuzia mwizi je? Yeye fomu alijaza.

Mpenda Uhuru

Mkuu umepanga hoja vizuri, ila Kanada umeiruka kwa makusudi. Ngoja niilete mimi.

Desemba 1989 wanawake 14 waliuawa kwenye chuo cha uhandisi Montréal. Nchi ikaumia, sheria ikapita mwaka 1995: kila bunduki ndefu isajiliwe. Wananchi waliambiwa kwamba ukitoa ada watakazolipa wamiliki, serikali itabaki na mzigo wa dola milioni 2 za Kanada. Mwaka 2002 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akatoa ripoti kwamba gharama inaelekea kupita dola bilioni 1. Someni tena hizo namba mbili, milioni 2 na bilioni 1. Mwaka 2012 Bunge likaufuta usajili huo, na kumbukumbu zikaagizwa ziharibiwe. Jimbo la Quebec peke yao ndio waliokataa kufuta, wakaja kuanzisha daftari la kwao.

Matokeo? Mauaji ya bunduki ndefu yalikuwa yameanza kushuka kabla daftari halijafunguliwa, yakaendelea kushuka. Na kuna jambo ambalo wapenda madaftari hawalisemi: bastola Kanada zinasajiliwa tangu 1934. Alfu moja mia tisa thelathini na nne! Pamoja na hayo, tangu miaka ya 1990 bastola ndiyo iliyoongoza katika mauaji ya bunduki kule. Silaha iliyosajiliwa kwa muda mrefu kuliko zote ndiyo inayoua zaidi.

Aprili 2020, Nova Scotia, mtu mmoja aliua watu 22. Leseni hakuwa nayo, na bunduki zake kadhaa zilivushwa kimagendo kutoka Marekani. Daftari lingemfanya nini?

Nikuongezee na hili, maana nataka tushindane kwa haki. Ushahidi mzuri uliopo ni wa leseni. Jimbo la Missouri, Marekani, walipofuta kibali cha kununua bastola mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walihusisha hatua hiyo na kupanda kwa mauaji ya bunduki. Kile kilikuwa kibali cha mtu, kama ulivyotutenganishia mwenyewe. Sasa niletee wa chuma.

Mleta mada

Nimekusoma, na ya gharama sina la kutetea. Lile lilikuwa aibu.

Ila kwenye bastola umerukia. Bastola inaongoza kwa sababu inaingia mfukoni, na Kanada inapakana na nchi yenye bunduki nyingi kuliko watu. Daftari lako haliwezi kufanya kazi upande wa pili wa mpaka. Kitu cha kuuliza ni bastola zile zilitoka wapi. Kama nyingi ni za magendo, basi zile zilizosajiliwa ndani zimevuja kidogo, na hapo hoja inarudi kwangu.

Na kwa kuwa tuko Kanada: Machi 2005, Mayerthorpe, Alberta, maofisa wanne wa polisi waliuawa, muuaji naye akajiua. Kesi ilionekana imeishia hapo. Pale kwenye tukio palikutwa bunduki iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine kabisa. Jina hilo likawapeleka wapelelezi kwa watu wawili waliomsaidia muuaji, wakaja kukiri mahakamani kosa la kuua bila kukusudia. Bila daftari ile ingekuwa bunduki tu.

Mpenda Uhuru

Hiyo ni kupeleleza baada ya watu kufa. Kichwa cha mada umeandika "kupunguza". Usihamishe goli.

Mleta mada

Hapo umenibana. Najipanga.

Karani wa Zamani

Vijana, mimi nimefanya kazi masijala ya silaha. Wapi na lini sitasema. Nataka niwaambie daftari linavyokuwa likiwa mezani, maana mnaliongelea kama vile ni mashine.

Kwanza, makosa. Mtu analeta bunduki ya marehemu baba yake, karani anasoma namba iliyochongwa kwenye chuma, anaandika. Kumbe aliyoandika ni namba ya toleo, inayofanana kwenye bunduki zote za aina ile. Utakuta kadi nne zenye "namba" moja. Herufi O imeandikwa sifuri, B imeandikwa 8. Mmiliki kahama, kadi haijahama naye. Na wafu! Nathubutu kusema nimetunza silaha za wafu wengi kuliko za walio hai. Mtu anafariki, familia wanagawana mali, bunduki inabaki darini na hakuna anayekuja kusema.

Sasa niwape na upande wa pili. Siku moja alikuja mpelelezi na bastola kaifunga kwenye gazeti. Namba imesagwa kwa tupa mpaka chuma kinang'aa. Watu wanadhani ukishasaga umemaliza. Namba inapogongwa kiwandani, chuma kilicho chini yake nacho hubanwa. Fundi wa maabara akasugua pale na pamba yenye tindikali, taratibu, anafuta, anasugua tena, na tarakimu zikaanza kurudi kama maandishi ya penseli yaliyofutwa vibaya. Zikarudi zote isipokuwa ya tatu. Ukiwa na tarakimu moja isiyosomeka una namba kumi zinazowezekana. Katika hizo, kadi sita zilikuwa kwetu. Tukazitoa.

Nchi isiyo na daftari, mpelelezi yule angeirudisha ile bastola kwenye gazeti lake.

Msaidizi wa Sheria

Mzee shikamoo, hiyo ya tindikali sikuijua.

Mpenda Uhuru ameuliza kuhusu kupunguza, nami nitamjibu kutoka mahali ambapo hamjagusa: nyumbani. Mume kampiga mkewe, mahakama imetoa amri asikaribie, na sheria inataka asalimishe silaha. Hakimu anamuuliza, "Una bunduki ngapi?" Anajibu, "Moja." Nani atambishia? Mke huenda aliona mbili, huenda aliogopa hata kutazama. Penye usajili hakimu anakuwa na karatasi mezani inayosema tatu, na namba zake. Zile mbili ambazo zingebaki ndizo ambazo wiki ijayo zingetumika. Sijui kuna njia gani nyingine ya kuziona.

California wamejaribu kitu cha namna hiyo. Kompyuta inalinganisha kumbukumbu za wenye silaha na orodha ya waliopoteza haki ya kumiliki, kwa hukumu, kwa amri ya mahakama au kwa ugonjwa wa akili. Majina yanayogongana wanapewa maofisa waende kuzichukua. Lakini tusifichane, maofisa hawakutosha, na orodha ya wanaosubiri kufikiwa ilipita watu 20,000. Serikali inajua mtu hatakiwi kuwa na bunduki, inajua anayo, na hakuna wa kwenda.

Mchokozi

Kwa hiyo daftari linajua, askari hana mafuta ya gari. Nimeelewa.

Mpenda Uhuru

Dada, hoja ya nyumbani naikubali, ni nzito kuliko zote hapa. Ila nami nina langu ambalo hamjaligusa: daftari linabaki, waliolianzisha wanaondoka.

Ujerumani ilianza kutoa vibali na kuweka kumbukumbu enzi za serikali ya kidemokrasia, kabla ya Hitler, kwa nia ya kutuliza vurugu za mitaani. Mwaka 1938 kumbukumbu hizo zilikuwa mikononi mwa polisi wa Wanazi. Wayahudi wakanyang'anywa silaha, na Novemba mwaka huo wakapigwa marufuku kabisa kumiliki. Polisi hawakuhangaika kutafuta, walikuwa na anwani.

Na kichekesho kidogo kutoka Marekani. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Haynes, iliamua kwamba mtu mwenye silaha haramu hawezi kuadhibiwa kwa kutoisajili, maana kumlazimisha aisajili ni kumlazimisha ajishtaki. Kwa hiyo kwa muda sheria ya usajili ikawa inambana raia mwema peke yake! Bunge lilirekebisha mwaka huo huo, ila mantiki ilikuwa imeshaonekana.

Mleta mada

Ya Ujerumani ni kweli na inatisha. Nyongeza moja tu: sheria ile ya 1938 iliwalegezea masharti Wajerumani wengine. Waliolengwa walilengwa kwa sababu ya walivyokuwa, na serikali ile ilikuwa na orodha zao nyingine tele, za sensa na za kodi. Sioni mtu anayependekeza tusifanye sensa. Hata hivyo hofu yako naiheshimu. Daftari la silaha lisiwe kitu ambacho kila afisa anafungua kwa simu yake, na kila anayelifungua aache alama ya jina na sababu.

Kinyume chake ni hiki. Marekani sheria ya 1986 inakataza serikali kuu kuweka daftari la wamiliki wa bunduki za kawaida. Kwa hiyo bunduki ikikutwa kwenye uhalifu, ombi linakwenda kituo cha ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, kilichoko Martinsburg, West Virginia. Wanapiga simu kiwandani, kiwanda kinamtaja muuzaji wa jumla, huyo anamtaja mwenye duka, na mwenye duka anatafuta fomu ya mnunuzi wa kwanza. Kama duka limefungwa, makaratasi yake yako pale pale kituoni, kwa maboksi, na sheria hairuhusu yatafutwe kwa jina. Mtu anafunua ukurasa kwa ukurasa. Akimpata mnunuzi wa kwanza, naye akasema "niliiuza kwa mtu simkumbuki", katika majimbo mengi safari imeishia hapo.

Sasa jibu la swali la "kupunguza". Mtu anayenunua bunduki tano kwa jina lake halafu anawauzia wasiopaswa kuwa nazo anafanya hivyo kwa sababu sentensi ile, "niliiuza kwa mtu simkumbuki", inamwokoa. Mahali ambapo kila uhamisho unaandikwa, sentensi hiyo ni kukiri kosa. Akijua hivyo, wa kwanza ataacha, wa pili atapandisha bei. Huo ndio upunguzaji ninaoutetea. Ni mdogo na wa taratibu, na haumgusi kichaa mmoja mwenye leseni safi.

Kwa makadirio ya Small Arms Survey, taasisi ya utafiti wa silaha, mwaka 2017 raia duniani walikuwa na bunduki milioni 857, na zilizosajiliwa ni kama milioni 100. Tunabishana kuhusu dawa ambayo wagonjwa wengi hawajaimeza.

Mpenda Uhuru

Vizuri. Basi jifunge: ukiona nini utasema usajili hausaidii?

Mleta mada

Swali la haki. Nitaangalia muda kati ya bunduki kuuzwa dukani na kukamatwa kwenye uhalifu. Ikikamatwa ndani ya miezi michache, ni dalili kwamba ilinunuliwa kwa ajili ya kuuziwa wahalifu. Nchi mbili zikiwa na leseni zinazofanana, moja inaandika kila uhamisho na nyingine haiandiki, halafu muda huo ukawa ule ule, na silaha za ndani zikavuja kwa kiwango kile kile, nitakuja hapa hapa kufuta kauli. Wewe je?

Mpenda Uhuru

Muda ukirefuka kweli, bila mabilioni ya Kanada, na adhabu ya kutosajili isiwe jela kwa mtu aliyesahau bunduki ya babu yake darini, nitakubali usajili wa uhamisho tu. Wa kuhesabu kila kilichomo ndani ya kila nyumba, hapana.

Msaidizi wa Sheria

Mzee Karani, umetuacha njiani. Zile kadi sita ziliishia wapi?

Karani wa Zamani

Walikwenda nyumba zote sita, mwanangu. Nyumba tano bastola zilitolewa, namba zikasomwa, wakashukuriwa. Ya sita mwenye kadi alikuwa amefariki miaka kumi na moja nyuma. Mjukuu akasema ipo, imefungiwa sandukuni. Wakakaa sebuleni karibu saa nzima wakimsubiri atafute ufunguo.