Soundies au The Red Shoes: mkusanyaji wa filamu za densi achague ipi?

Mpenda Kanda: Ndugu zangu, akiba yangu inatosha kitu kimoja tu. Nimeletewa kanda tatu za Soundies za milimita 16, yaani zile filamu za takriban dakika tatu zilizotengenezwa Marekani kuanzia 1940 hadi 1946 kwa ajili ya mashine za Panoram za kuonyeshea filamu kwenye baa, pamoja na nakala ya The Red Shoes, filamu ya baleti ya 1948, nayo ni ya milimita 16. Ningechagua ipi?

Mzee wa Projekta: Chukua Soundies, kijana wangu. Tazama kwanza maandishi ya mwanzo. Yakisomeka kinyumenyume, hiyo ni nakala ya Panoram yenyewe, kwa kuwa ndani ya mashine picha ilipitia kwenye vioo kabla ya kufika kwenye skrini. Mteja alitumbukiza senti 10 na hakuwa na hiari ya kuchagua. Aliangukiwa na ile iliyofuata. Isitoshe, humo wamo wacheza densi weusi ambao Hollywood, ilipowatumia, mara nyingi iliwapangia vipande vinavyoweza kukatwa filamu ikipelekwa majimbo ya kusini. Thamani yake kwangu iko hapo.

Binti Senema: Shikamoo Mzee. Naheshimu hoja yako, lakini ile densi ndefu ya Moira Shearer katika The Red Shoes haina mfano, na nakala halisi ya Technicolor, ambayo rangi zake zilichapwa juu ya ukanda, haipauki. Tahadhari ni kwamba zipo nakala za baadaye za aina nyingine, zinazopauka. Mimi niliwahi kununua moja bila kuikagua, ikaja ya waridi mwanzo hadi mwisho: viatu, uso na pazia vyote rangi moja!

Mzee wa Projekta: Marahaba. Ndiyo maana nasema, kwa kutazama tu, diski ya ukarabati wa The Red Shoes wa 2009 inatosha, maana negativu, yaani kanda asili za filamu hiyo, zilizokuwa zimeota kuvu zilisafishwa vizuri mno. Soundies nyingi hazijapata bahati hiyo. Ila fungua mikebe unuse kabla ya kulipa. Harufu ya siki ni dalili kwamba ukanda umeanza kuoza, nao huambukiza kanda za jirani.

Mpenda Kanda: Nimekwenda leo na kuifungua. Maandishi yako kinyume kwenye zote tatu, lakini mkebe mmoja unanuka kama kachumbari. Nimemwomba muuzaji aniuzie miwili iliyobaki, naye anataka kuuza yote kwa pamoja.