Sabasaba tukalale msituni: gumzo la Jirani Raskazone, Tanga

Mwanaidi: Asalaam aleikum jirani. Shikamooni wakubwa. Ile safari ya Sabasaba ya kulala kwenye bembea (kile kitanda cha kitambaa kinachofungwa kati ya miti miwili) tumefika watu 6. Mahali bado. Yaliyotajwa hadi sasa: Ushongo, Saadani, Amani, Magoroto, Lushoto. Naomba wajuzi waseme, na sio "popote poa tu" 🙏🏽

Salim: Ushongo! Bahari, minazi, upepo. Kwisha habari

Mzee Kombo: Waaleikum salaam. Marahaba wanangu. Salim, hiyo minazi ndiyo tatizo. Nazi pevu na kumbi lake inapita kilo moja, na mnazi uliokomaa unapita mita 15 kwenda juu. Haina saa ya kudondoka. Kuti kavu nalo zito, na linashushwa na upepo huohuo wa kusi unaousifia. Chini ya mnazi halali mtu.

Salim: Watalii mbona wanafunga kwenye minazi kila siku

Mzee Kombo: Hoteli zinaangua nazi na kukata makuti mapema. Mnazi wa shambani nani amekuangulia?

Bi Rehema: Ushongo hakuna minazi tu, ipo na mivinje. Mvinje unafaa, shina limenyooka na kivuli chake chepesi. Ila tazameni mizizi. Ulio ukingoni, mchanga umeliwa na mawimbi na mizizi iko nje, huo unasubiri siku yake tu. Ingieni ndani, kwenye mizizi iliyofunikwa pande zote.
Halafu mtazame mwezi kabla ya kuchagua tarehe. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndiyo bamvua, maji yanajaa na kupwa kupita kawaida, na pwani yetu maji makuu ya bamvua yanajaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni. Mtu anafika usiku saa nne anaona bahari iko kule mbali, anatandika. Saa kumi maji yako chini ya mgongo. Tafuteni mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji, ule wa juu kabisa, mpande juu yake.

Mwanaidi: Bi Rehema asante. Na mikoko?

Bi Rehema: Mikoko hapana. Inalindwa kisheria, chini tope, na mbu wake hawana adabu.

Hassan: Saadani je? Nyumbani kabisa, na ndiyo hifadhi ya taifa pekee nchini inayogusa bahari

Mzee Kombo: Saadani ina simba, tembo, nyati na fisi, na Mto Wami una viboko wanaotoka usiku kula majani. Bembea inamning'iniza mtu kwenye kimo cha mdomo wa fisi, ndani ya kitambaa, na kutoka kwa haraka hawezi. Ukitaka Saadani nenda na hema, ulale kwenye kambi ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Tuitoe.

Hassan: Imetoka 😅

Mwanaidi: Tumebaki na milimani. Fundi Athumani upo? Tueleze miti inayofaa ni ya namna gani, maana naona kila mtu anatazama mandhari tu

Fundi Athumani: Nipo, nilikuwa kiwandani. Mandhari ya nini, kwanza miti miwili. Kaeni mkao wa kusoma.
Kati ya mti na mti iwe mita 4 hadi 5. Chini ya mita 3 bembea inakunjika unalala umbo la ndizi. Mita 6 inawezekana lakini mkanda lazima upande juu sana. Kwa bembea ya mita 3.3, mkiwa na mita 4.5 kati ya miti, funga kwenye kimo cha mita 1.9 hivi. Kwa mita 6 ni mita 2.3, hapo mtu mfupi anaomba ngazi.
Unene: shina lisipungue paja la mtu mzima. Mti mwembamba hata usipovunjika unapinda, na usiku mzima unashuka kidogo kidogo.
Mkanda ushuke kwa pembe ya nyuzi 30. Kipimo chepesi: kila mita 1 ya mkanda kwenda mbele, ishuke sentimita 58. Msiukaze uwe kama waya wa kuanikia nguo. Mtu wa kilo 80, kwenye nyuzi 30 kila upande unavutwa kwa kilo 80. Akikaza hadi nyuzi 10, kila upande unabeba kilo 230. Nyuzi 5, kilo 460! Watu wanasema mkanda mbovu, kumbe wamekaza.

Salim: Duh

Fundi Athumani: Ukishakaa, makalio yawe kimo cha kiti, sentimita 45 kutoka ardhini. Upande wa miguu uwe juu kidogo kuliko wa kichwa, sentimita 20 hivi, la sivyo utateleza kuelekea miguuni. Na lala mshazari. Ukilala katikati moja kwa moja mgongo unapinda.

Salim: Fundi, mkanda wa nini tena. Tanga mji wa katani, tunabeba kamba ya katani roho safi

Fundi Athumani: Katani ikiloa na kukauka mara kadhaa inaoza ndani na nje inaonekana nzima. Tena kamba yoyote nyembamba inakata gome, na gome likikatwa mzunguko mzima mti unakufa. Manila ya dukani nayo inanyooka: umelala kwenye bembea, umeamka kwenye majani. Tafuta mkanda bapa wa sentimita 2.5 hadi 5, wa poliesta. Ile mikanda ya kufungia mizigo ya lori inafaa sana ukitoa chuma chake cha kukazia. Nailoni ikiloa inavutika. Mzungushe shinani mara moja au mbili kabla ya kufunga, usihame.

Bi Rehema: Ongezea na kuukagua mti, fundi. Huko ndiko watu wanakoumia.

Fundi Athumani: Tazama juu kwanza. Tawi kavu lililokwama juu, ondoka, hata kama mti wenyewe mzima. Kisha gonga shina kwa jiwe: likilia tupu, mchwa wamemaliza kazi. Chini kabisa tazama uyoga, unga wa mbao, gome linalobanduka. Usifunge kwenye mti mmoja hai na kisiki kimoja. Na watu wawili kwenye mti mmoja hapana, labda mti uwe mnene hasa.

Mzee Kombo: Na aina za miti. Mkaratusi unaangusha matawi bila upepo wala taarifa, uacheni. Msufi una miiba shinani. Mwembe na mkorosho ni mizuri kwa nguvu, lakini tafuta kwanza viota vya majimoto, yale majani yaliyoshonwa pamoja kuwa kifuko. Ukifunga mkanda kwenye mti huo umewajengea majimoto daraja hadi shingoni.

Mama Tatu: 😂😂 Yarabi

Mwanaidi: Sasa Amani

Mzee Kombo: Amani ni hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza nchini kupewa hadhi hiyo, mwaka 1997. Iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, si TANAPA. Kwa hiyo malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, na kambi ni pale palipotengwa tu, huingii popote ukafunga. Mpigieni mhifadhi kabla, mwulizeni wazi: bembea inaruhusiwa kufungwa kwenye miti ya kambi, na ni miti ipi? Jibu hilo mlipate kabla ya kulipa, si mkifika.
Kuna pande mbili. Chini ni Zigi, getini, ambapo mto unapita na nyumba ya zamani ya msimamizi wa stesheni ya reli ya Wajerumani ipo. Juu ni Amani kwenyewe, karibu mita 900, na ile bustani ya mimea ya mwaka 1902. Zigi kuna joto na mbu. Juu kuna ukungu na baridi ya kiasi. Mvua Amani haina likizo, mwaka mzima inafika milimita 2,000 hivi, na hata Julai manyunyu yapo.
Tahadhari ya juu: kuna msizi, mti ulioletwa ukatapakaa msituni. Unakua haraka, shina limenyooka, unavutia macho ya mfunga bembea. Lakini ni mti unaojipogoa wenyewe, matawi ya chini yanakufa na kudondoka. Tafuteni mwingine.

Hassan: Nyoka?

Mzee Kombo: Wapo, na bembea inawasaidia maana hamlali chini. Hatari ni usiku mkishuka kwenda haja. Tochi kwanza, mguu baadaye. Viatu vining'inizwe kwenye mkanda, visiachwe chini. Siafu ndio wa kuwaogopa zaidi kipindi cha mvua. Mkiona mstari wao unapita karibu na mti mliouchagua, hameni, msibishane nao.

Bi Rehema: Chakula kisilale kwenye bembea. Komba anafuata ndizi usiku, na kima asubuhi hafungui zipu, anachana. Na vyoo: mtumie cha kambi. Mto Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, maji tunayokunywa hapa mjini. Msituogee na sabuni mtoni tafadhali.

Mama Tatu: Mimi nawaza mbu. Chandarua kile cha kitandani kinatosha?

Bi Rehema: Cha kitandani kinafunika juu na pembeni tu. Mbu anauma kupitia kitambaa kutoka chini, kwenye mgongo na makalio, maana pale nguo imekubana. Lazima chandarua kizunguke bembea nzima mpaka chini na kufungwa, au uweke kigodoro kati yako na kitambaa. Huko wilaya ya Muheza malaria ipo, msifanye mzaha, hasa kwa watoto.

Salim: Na Lushoto? Magamba panasifiwa

Mzee Kombo: Magamba ni pazuri mno, hifadhi ya TFS pia, msitu wa mawingu wenye miti mikubwa iitwayo mikulo. Lakini mnataka Julai! Mlima unapita mita 2,000. Julai usiku huko unashuka hadi chini ya nyuzi 10, na bembea inapitisha upepo chini. Blanketi ukililalia uzito wako unalibana, hewa inatoka, joto nalo linatoka. Ukitaka Magamba, blanketi lifungwe nje, chini ya bembea, liguse kitambaa bila kubanwa. Au kigodoro cha sponji kipana, kifike mabegani. Mkeka hausaidii. Nashauri Magamba iwe Januari au Februari, kaskazi.

Hassan: Kuna mashamba ya misonobari Shume huko, miti imepangwa mistari, safi kabisa

Fundi Athumani: Imepangwa ndiyo, ila majani makavu ya msonobari ni petroli, hakuna kupika chini yake, na utomvu hautoki kwenye mkanda. Tena ni shamba la miti la TFS, kibali lazima.
Hata mitiki ya Longuza pale njiani kwenda Amani, watu wataiona wataitamani. Kanuni ya miti ya kupandwa: ukikuta nafasi ya mita 3 kwa 3, usifunge mti kwa mti unaofuata. Kata kona. Mshazari ni mita 4.2, kipimo chenyewe hasa. Kiangazi mtiki unapukutisha majani, kwa hiyo kivuli ni turubai lako.

Mwanaidi: Na Magoroto?

Bi Rehema: Magoroto kwa wenye watoto ndiyo rahisi. Ziwa lipo, kambi ipo, msitu unazunguka. Ni mali ya watu, mnapiga simu mnakubaliana nao bei na miti ya kufunga. Watoto wasiachwe karibu na ziwa bila mtu mzima.

Mama Tatu: Kura yangu Magoroto

Salim: Mimi Amani juu

Mzee Kombo: Tuamue kwa watakaokwenda. Watoto wawili wamo. Barabara ya Muheza hadi Amani ni ya mlima na udongo, ikinyesha gari dogo linateleza. Kusi linavuma kutoka kusini mashariki, kwa hiyo popote mtakapokwenda upande huo wa turubai ushuke chini zaidi.
Magoroto kwa familia mwezi huu. Amani juu iachwe kwa vijana, nao wapande na gari lililoinuka juu ya ardhi.

Mwanaidi: Sawa. Nimeandika: Magoroto. Amani vijana wapange yao. Fundi, turubai la ukubwa gani?

Fundi Athumani: Mita 3 kwa 4 kwa kila bembea. Kamba yake ipite juu ya bembea, turubai lizidi kila ncha angalau nusu mita. Kila upande vigingi viwili. Halafu jambo watu wanalosahau: maji ya mvua yanateremka kwenye mti, yanafuata mkanda, yanaingia kitandani kwako hata turubai likiwa zima. Funga kipande cha uzi wa pamba kwenye mkanda, kiganja kimoja kabla ya bembea, kikiwa ndani ya kivuli cha turubai. Ncha ining'inie chini. Maji yakifika hapo yanadondoka. Fanyeni pande zote mbili.

Salim: Mie nina jozi 3 za mikanda ya lori, vyuma nimeng'oa. Nani hana?

Mama Tatu: Mimi sina. Na chandarua cha kuzunguka sina

Bi Rehema: Chandarua njoo kesho baada ya asri, tukishone kwa chini. Njoo na zipu ya mita 2

Mwanaidi: Mimi napiga simu Magoroto asubuhi kuuliza miti. Wenye mikanda leteni namba zilizochapwa pembeni, zile za kilo, tuzione

Salim: Moja imefutika

Fundi Athumani: Hiyo tumia kufungia turubai